Mabati kwanza, msingi baadaye: kumjengea jirani nyumba katika Nyanda za Juu Kusini

Nyumba ya kwanza ambayo kikundi chetu kilimjengea mtu, kule Kilolo mkoani Iringa, tuliianza kwa furaha mwezi wa nane, na mwezi wa kumi na moja ilikuwa bado haina paa. Mabati tulikuwa tumeahidiwa na taasisi moja, na ahadi ikabaki ahadi. Mvua kubwa ya pili ilipopiga, udongo ulioshika matofali ukalainika, na ukuta wa upande wa mlimani ukalala chini usiku mmoja. Bibi tuliyekuwa tukimjengea alikuja asubuhi, akaanza kuokota matofali mazima, moja moja, na kuyapanga pembeni. Hakusema neno. Sisi tulisimama tukimtazama mpaka mmoja wetu akainama kumsaidia.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu ambao hatuuvunji hata kwa kubembelezwa: hatuchimbi msingi kabla mabati hayajalala stoo, na hatununui mabati kabla karatasi ya kiwanja haijasainiwa. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Ni kwa kikundi cha mtaa, jumuiya ya kanisa au msikiti, wanafunzi, au watu waliotoka kijijini wakahamia mjini na sasa wanataka kumjengea jirani wa zamani vyumba viwili na sebule.

Anza na kalenda, si na fedha

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na Rungwe huendelea hata baada ya hapo. Ujenzi wa matofali ya kuchoma na udongo hauwezi kupambana na msimu huo. Kwa hiyo mwaka wa kazi tunaugawa hivi: Januari hadi Machi ni kutafuta familia na kumaliza karatasi. Aprili na Mei ni kuchangisha. Juni na Julai, baridi kali lakini kavu, ni kufyatua na kuchoma matofali. Agosti ni msingi na kuta, Septemba ni paa, Oktoba ni sakafu, milango na choo. Mwisho wa Oktoba watu wanaanza kuandaa mashamba na hutawapata tena, hata uwaombe vipi.

Uzuri wa kalenda hii ni kwamba mahindi yanavunwa kati ya Mei na Julai. Asiye na shilingi atakuletea debe, na debe linalisha mafundi. Ukichangisha Januari, wakati ghala zimepungua na mahitaji ya shule yanabana, utarudi nyumbani na ahadi tu.

Kumpata mwenye nyumba

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea kwa nia njema. Wanamchagua anayelia mbele yao, au ndugu wa mwenyekiti, au yule ambaye nyumba yake iko karibu na barabara ili watu waione.

Anza na mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mhudumu wa afya huingia ndani ya nyumba za watu, kwa hiyo anajua nani analala wapi. Orodha ya kaya zinazonufaika na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, inasaidia, lakini isiwe mwisho, kwani wapo wenye shida ambao hawamo. Pata majina matatu au manne, mtembelee kila mmoja, kisha peleka mapendekezo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao huitishwa kila miezi mitatu. Jina likisomwa mbele ya watu na likakubaliwa, maneno ya chinichini yanapungua sana.

Mara nyingi mtakuta ni bibi anayelea wajukuu. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa 2022–2023 uliikuta mikoa yetu mitatu juu ya mingine yote kwa maambukizi kwa watu wazima: Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Nyuma ya namba hizo kuna mabibi waliozika watoto wao, wakaanza kulea upya wakiwa na miaka sitini na zaidi. Msiulize bibi huyo wazazi wa watoto walikufa na nini. Haihusiani na nyumba.

Ulizeni badala yake anataka nyumba gani. Sisi tulikwenda na mchoro wa sebule kubwa na madirisha mapana, tumeupenda wenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Kamwene. Kaeni."

Tukamwonyesha mchoro. Akaugeuza, akautazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Wanangu, dirisha hili mwezi wa saba nitaliziba kwa gunia. Lipunguzeni. Na jiko liwe nje, moshi umenimaliza macho. Na mlango utazame kule alikolala mzee." Mzee ni mumewe, na kaburi lake liko chini ya mparachichi. Tulichora upya. Mchoro wetu ungempa nyumba nzuri ambayo mwenyewe angekuwa mgeni ndani yake.

Karatasi ya kiwanja

Kama kuna hatua moja ambayo ningekusihi usiipite mbio, ni hii.

Mjane anaishi kwenye ardhi ya ukoo wa mume. Akiwa kwenye kibanda cha miti na nyasi, hakuna anayeitaka ardhi hiyo. Ikisimama nyumba ya matofali na bati linalong'aa, shemeji ambaye hajaonekana miaka saba anatokea. Nimeona mama akitolewa kwenye nyumba aliyojengewa kwa sadaka za watu, na sadaka hizo zikawa mali ya mtu ambaye hakubeba hata ndoo moja ya maji.

Kijijini, ardhi inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Chini ya sheria hiyo mtu anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji, na mwanamke ana haki hiyo sawa na mwanamume. Hati ikiwa inachelewa, angalau fanyeni yafuatayo. Itisheni kikao cha familia ya upande wa mume na wa mke, mtendaji wa kijiji akiwepo. Pimeni mipaka kwa miguu, wote wakiona, na mpande alama. Andikeni muhtasari unaosema ardhi ni ya nani, nyumba itakuwa ya nani, na yeye akifariki itabaki kwa watoto gani. Wote wasaini au waweke dole gumba, mtendaji agonge muhuri, na nakala tatu zitoke: ya mwenye nyumba, ya ofisi ya kijiji, ya kikundi. Shemeji akikataa kusaini, msijenge. Ni vigumu kumwambia bibi hivyo, lakini ni afadhali kuliko kumjengea shemeji.

Mijini, kama Jiji la Mbeya au Manispaa ya Iringa, kuna kibali cha ujenzi cha halmashauri. Kifuateni mapema, kinachukua muda.

Na kitazameni kiwanja chenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto au ziwa. Miteremko nayo tuiogope. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere liliporomoka na kufunika nyumba za watu Itezi, jijini Mbeya. Kiwanja cha bure chini ya mlima uliokwanguliwa miti si msaada. Kule Usangu adui ni mwingine, udongo mweusi wa mbuga unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ambao hupasua na ukuta pamoja nao.

Fedha na mikono

Fedha isikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mwadilifu namna gani. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, au tumieni SACCOS, chama cha akiba na mikopo, ambayo tayari mnaiamini. Kila Jumapili, au siku yoyote mnayokutana, mweka hazina asome kilichoingia na kilichotoka, kwa sauti, na risiti zipite mikononi mwa watu. Vitu navyo viandikwe: mchanga wa tripu moja, debe la mahindi, siku ya kazi ya fundi aliyejitolea. Mtu aliyetoa siku yake ametoa, na jina lake lisomwe pamoja na la aliyetuma laki.

Mwenye nyumba naye achangie. Wapo wanaoona ni ukatili kumdai maskini, nami niliwahi kuwa mmoja wao. Shirika la Habitat for Humanity, lililoanzishwa mwaka 1976 huko Americus, Georgia, Marekani, limejengwa juu ya wazo hilo: familia hufanya kazi kwa mikono yake kwenye ujenzi na hulipa gharama kidogo kidogo bila faida kwa mtu. Wazo hilo Millard Fuller na mkewe Linda walilifanyia majaribio Afrika, mjini Mbandaka, Zaire, kuanzia mwaka 1973. Kwetu bibi hawezi kulipa mkopo, na hatumdai. Lakini alichota maji na wajukuu wake, alipika makande ya mafundi, na alikuwa ndiye mtunza ufunguo wa stoo. Hakuna mfuko wa simenti uliotoka bila yeye kuuhesabu. Fundi alikuja kumwogopa kuliko alivyomwogopa mwenyekiti wetu.

Familia yenye kipato kidogo lakini cha uhakika, kwa mfano mama muuza ndizi wa Tukuyu, hiyo ikopesheni vifaa kwa awamu: chumba kimoja kikamilike na paa lake, alipe, kisha cha pili. Marejesho yanakwenda kwa familia inayofuata.

Matofali

Hesabu kwanza. Matofali ya huku hayafanani, kila fundi ana kibao chake, kwa hiyo usichukue namba ya mtu mwingine. Panga matofali chini kama ukuta, ukiacha nafasi ya udongo kati yake, mpaka ufikishe mita moja kwa mita moja, kisha uhesabu. Tuseme umepata 75 kwa ukuta wa unene wa matofali mawili. Nyumba ya mita 6 kwa 7 ina mzunguko wa mita 26. Ongeza kuta za ndani, tuseme mita 10, unapata 36. Zidisha kwa kimo cha mita 2.5, ni mita za mraba 90. Toa milango na madirisha, baki na 80. Mara 75 ni matofali 6,000. Ongeza moja ya kumi kwa yatakayovunjika, 6,600. Andika namba hiyo ukutani kwenye ofisi ya kitongoji, na kila Jumamosi uandike yaliyofyatuliwa.

Tofali bichi likauke kivulini, chini ya nyasi, wiki mbili hadi tatu kabla ya kuingia tanuru. Likiingia na unyevu linapasuka. Na kabla ya kununua matofali ya mtu, chukua mawili uyagonganishe. Lililoiva linalia kama chuma, lisiloiva linatoa sauti ya gogo. Vunja moja: ndani liwe jekundu mpaka katikati. Kisha liloweke usiku kucha kwenye ndoo, na asubuhi likilainika kingo, rudisha mzigo wote bila aibu.

Tanuru linakula kuni nyingi, na vilima vyetu vimechoka. Tumieni mabaki ya viwanda vya mbao pale mnapoweza. Mufindi kwenye msitu wa Sao Hill, ambao ndio shamba kubwa la miti ya kupandwa nchini, mabanzi yanapatikana. Njia nyingine ni matofali ya kufungamana, ya udongo na simenti kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono, ambayo hayachomwi kabisa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ndio walioyaeneza nchini. Yanahitaji udongo wenye mchanga na fundi aliyefundishwa. Msiyajaribu kwa kukisia.

Msingi, kuta, paa

Pembe za nyumba zipimwe kwa kamba. Kutoka kwenye kona pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Kamba inayounganisha ncha hizo lazima iwe mita 5 kamili. Ikizidi au kupungua, kona haiko sawa, na kosa hilo utalikuta tena juu kwenye kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, wakati ni ghali kulirekebisha.

Chimba mpaka ufike udongo mgumu, hata kama ni kina zaidi kuliko mlivyopanga. Jenga msingi wa mawe, uinuke juu ya ardhi angalau sentimita 30, kwa sababu mvua ya huku inarusha tope na kula matofali ya chini. Simenti tunaiweka pale inapohitajika zaidi: kwenye msingi, kozi (mistari ya matofali) tatu za mwanzo, kuzunguka milango na madirisha, na kwenye linta, boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha. Sehemu nyingine tunajengea udongo uliokandwa vizuri, kisha tunaziba mistari ya nje kwa simenti. Mchanganyiko wa kujengea ni ndoo moja ya simenti kwa sita za mchanga. Zege la linta ni moja, mbili na nne: simenti, mchanga, kokoto. Linta izunguke nyumba nzima kama mkanda, isikatwe juu ya madirisha peke yake. Tuko kwenye bonde la ufa, na ardhi huku hutikisika. Imwagieni maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Kazi hii ya maji wanafunzi wanaipenda, wapeni.

Timazi na pima maji viwe vya kikundi, si vya fundi. Mtu mmoja asiye fundi apime kila kozi ya tano. Hii si kumdharau fundi. Fundi mzuri hufurahi.

Mbao za kenchi na papi, zile za kupigilia bati, zinunuliwe zikiwa zimetiwa dawa, la sivyo mchwa watamaliza nyumba kabla wajukuu hawajamaliza shule. Mabati msidanganyike na bei: geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, namba ikipanda bati linapungua. Tukikosa fedha tunapunguza ukubwa wa nyumba, hatupunguzi geji. Paa litokeze nje ya ukuta sentimita 60. Kabla ya kumwaga zege la linta, lazeni waya mnene ndani ya ukuta, upite chini ya linta, na ncha zake zifungwe kwenye ubao unaobeba kenchi. Upepo unaokuja na mvua za kwanza huezua paa zima na kulitupa shambani, na linaloezuliwa karibu kila mara ni lile lililopigiliwa misumari tu.

Wajitoleaji

Mjitoleaji asiye na kazi maalumu huchelewesha waliopo. Mgawe kabla hajafika: kumi wa kusogeza matofali, wanne wa maji, wawili wa kupika, mmoja mwenye kisanduku cha huduma ya kwanza. Kwa kazi ya ufundi ombeni wanafunzi wa uashi wa VETA, vyuo vya ufundi stadi ambavyo Iringa na Mbeya vipo, au wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, wakiwa na mwalimu wao. Juu ya jukwaa apande fundi na msaidizi wake pekee. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, usifike kiwanjani mpaka jukwaa liwe tupu. Wageni kutoka nje ya nchi wafuatiliwe vibali vyao Uhamiaji kabla hawajapanda ndege, hata kama wanakuja wiki moja.

Kuhusu picha: piga nyumba, piga kazi, piga mikono. Bibi akiwa mbele ya kibanda chake kibovu asipigwe, hata mfadhili akiomba. Mwambieni mfadhili mtamtumia picha ya linta.

Choo, jiko, ufunguo

Nyumba bila choo haijaisha. Shimo liwe mbali na kisima, mita 30 na zaidi, na upande wa chini wake. Jiko la nje liwe na paa na dohani. Pale Makete na Njombe, ambako baridi huwafanya watu walale na makaa ndani, wekeni dari hata ya mbao nyembamba, na mwelezeni mwenye nyumba waziwazi kwamba hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa huua watu usingizini.

Kitasa kinunuliwe kizuri. Siku ya kukabidhi, hotuba ziwe fupi. Bibi yetu, baada ya nyumba kujengwa upya na kuezekwa mwaka uliofuata, alipokea funguo mbili. Moja aliifunga kwenye pindo la khanga. Ya pili akamwita mjukuu wake mkubwa, binti wa darasa la sita, akamfunga shingoni kwa uzi. Kisha akaomba tutoke wote nje, akafunga mlango, akaufungua, akaufunga tena.

Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha, rudini. Ingieni ndani mchana, fungeni mlango na madirisha, tazameni juu: kila tundu la msumari linaonekana kama nyota. Zungukeni nje muone maji yanakokwenda, na kama yanarudi ukutani, chimbeni mfereji siku hiyohiyo. Sisi tulikuta matundu matatu upande wa kofia, bati la kilele cha paa. Fundi aliyapandia akiwa na lami kwenye kopo, na bibi akiwa chini ameshika ngazi.